Dawati la Ziada na Manga Nyingine za Kutisha Nilizozitunza Homa Bay

Wakutubi wenzangu mnaobaki kwenye kaunta mmeniomba niandike kuhusu miaka yangu ya kazi kabla shamba la Kehancha halijanimeza kabisa. Nimekubali kwa sharti moja: habari za vyeo na mshahara tuziache. Vyeo vilikuja vilipotaka, na mshahara mnaujua, ni ule ule wenu. Nitawaandikia jambo ambalo kila mgeni wangu huniuliza. Ilikuwaje mama Mkuria, mwimbaji wa kwaya, akawa mtunzaji wa katuni za mizimu kutoka Japani, na kwa nini kila mwisho wa Oktoba watu hupanga foleni kwenye mlango wa maktaba ya Homa Bay kuja kuogopeshwa.

Nilianzia Migori, kwenye maktaba ndogo yenye paa la bati na harufu ya karatasi zilizonyeshewa. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya visigino nilivyoazima kwa dada yangu. Mzee Ogutu, mkutubi aliyekuwa mkubwa wangu, alivitazama viatu, akatazama ufagio na debe la mafuta taa vilivyokuwa vikinisubiri, akasema, "Boke, mchwa hawaogopi visigino." Nikavivua. Siku hiyo nzima tulitoa mchwa kwenye vitabu vya jiografia. Walikuwa wamekula Ulaya yote na kuanza Asia.

Mzee Ogutu ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kushona mgongo wa kitabu kwa uzi wa nyavu, ambao haukatiki hata kitabu kisomwe na shule nzima. Alinikataza kabisa gundi ya unga wa muhogo, kwa sababu ukiipaka umewapikia mchwa ugali. Na alinipa kanuni moja ambayo sikuiona katika cheti chochote nilichosomea baadaye. "Mtu akikuomba kitabu," alisema, "mpe kitabu. Sababu zake ni zake." Nilidhani ni uvivu wa mzee. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba huo ulikuwa uungwana.

Nilipohamishiwa Homa Bay, Dholuo yangu ilikuwa ya sokoni tu, ya kuuliza bei na kulalamika. Wasomaji wakaniita Nyar Kuria, binti wa Wakuria, na jina likanikaa kuliko lile la kwenye kitambulisho. Huko ndiko nilikokutana na Haruka, mwalimu wa kujitolea kutoka Japani aliyefundisha hesabu katika shule moja ya mji. Majirani walimwita Achieng' kwa sababu alifika mchana wa jua kali, mwavuli mkononi. Kila Jumamosi alikuja kukaa dirishani pale maktaba, akisoma vitabu vidogo vinene vyenye picha. Mkataba wake ulipokwisha, aliniletea sanduku zima. Zilikuwa manga, katuni za nchini kwao, zilizotafsiriwa kwa Kiingereza, na karibu zote zilikuwa za kutisha.

"Madam Boke, hizi hazitaki kurudi nyumbani," aliniambia. "Zimezoea ziwa."

Akanionyesha namna ya kuzisoma. Unaanza pale ambapo sisi tunamalizia, unakwenda kutoka kulia kuelekea kushoto, jalada la nyuma ndilo la mbele. Halafu akanifundisha siri ya ufundi wenyewe: mchoraji huweka hofu kwenye ukurasa usiouona bado. Chini ya ukurasa mtu anasikia kitu mlangoni. Unafunua mwenyewe, kwa kidole chako mwenyewe. Hakuna aliyekulazimisha.

Nilichukua moja nyumbani ili nijue ninachokigawa. Ilihusu fundi wa miavuli katika mji ambao mvua haikatiki. Kila asubuhi anakuta mwavuli uliovunjika mlangoni, anautengeneza, na jioni hauko. Siku moja anaamua kusubiri aone ni nani anayeuchukua. Niliisoma nikiwa nimekaa kwenye kigoda jikoni, mchana, jua linawaka, na uji ukaungua nisijue. Mume wangu aliingia akauliza kinachonuka ni nini. Nilipiga kelele ambayo sijawahi kuipiga hata wakati wa kujifungua.

Ndipo nilipojua kwamba kitabu hiki kitapata wasomaji.

Wenzangu, niwape ushauri wa kazi hapa hapa. Kwanza, bandikeni mshale kwenye jalada la mbele la kweli, la sivyo msomaji ataanzia mwisho, amjue muuaji, kisha aje kulalamika kwenu. Pili, juzuu ya kwanza hupotea daima. Ya pili hadi ya saba zitabaki rafuni kama yatima. Mkipata nafasi, tafuteni nakala mbili za ya kwanza. Tatu, msimpe mgeni ile nzito siku ya kwanza. Anayeanza nilimpa ile ya mzimu mvivu anayeishi katika duka la mikate, ambaye anatakiwa kuwatisha wateja lakini anasinzia. Aliyerudi akicheka nilimpa ya fundi wa miavuli. Aliyerudi kimya nilimpa ya kijiji cha wavuvi ambacho nyavu zake huleta viatu badala ya samaki, kiatu kimoja kimoja, kila kimoja kikimtosha mtu wa kijijini. Mvuvi mmoja wa kisiwa cha Remba aliirudisha hiyo akasema mchoraji hajawahi kushona wavu maishani mwake, lakini maji anayajua. Kisha akaomba nyingine.

Kamati ya maktaba ilikuwa shughuli tofauti. Nilipoomba manga zaidi, mweka hazina aliuliza maktaba inapika pilau ya nani. Ilibidi nieleze kwamba sikuwa ninaomba pilipili manga. Waliponielewa, walitamani ingekuwa pilipili.

Sasa nifike kwenye kisa kilichokuwa kigumu kuliko vyote.

Ilikuwa muhula wa tatu. Asubuhi moja nilipigiwa simu kutoka shule moja ya bweni ya wasichana, upande wa Ndhiwa. Aliyepiga alikuwa mwalimu mkuu, Madam Awino, mama mpole niliyemfahamu kwa sababu darasa lake la kidato cha pili lilikuja maktaba kila mwezi. Sauti yake ilikuwa imekauka. Wasichana walikuwa wameanza kupiga mayowe wakati wa prepu ya jioni. Mmoja alianza, wengine wakafuata, wengine wakaanguka, na ilikuwa imejirudia jioni baada ya jioni. Na sasa chini ya godoro la msichana mmoja kulikuwa kumepatikana kitabu chenye muhuri wangu.

"Njoo, tafadhali," alisema. "Wazazi wako hapa na wamekuja na kiberiti."

Katika ofisi yake nilimkuta mwenyekiti wa wazazi, Mzee Owuor, mfanyabiashara wa mbao na mzee wa kanisa, mwenye sauti ya kujaza uwanja. Pembeni alisimama msichana mrefu, mwembamba, mikono nyuma. Huyo alikuwa Lavenda, binti wa mchimba dhahabu wa Macalder. Kitabu kilikuwa mezani, kimefungwa kwa gazeti kama nyoka ambaye hamna hakika kama amekufa.

"Nyar Kuria, hii stampu ni yako?" Mzee Owuor aliuliza.

"Ni yangu, mzee."

"Basi sikiliza. Watoto wetu wanapiga nduru kama wanachinjwa. Tumepata hii kitu kwa kitanda ya huyu. Hii tunachoma leo. Na yeye anarudi kwao leo. Shetani hawezi kukaa na watoto wetu."

"Umekisoma, mzee?"

"Mimi nisome kitu ya shetani?"

Nilijua kitabu kikichomwa, sanduku zima litafuata, na huenda chumba cha watoto cha maktaba kifungwe. Lakini hayo yote yalikuwa madogo. Kilichonitisha ni msichana yule aliyesimama pale akisubiri kurudishwa Macalder, kwenye mashimo, na jina la mchawi mgongoni. Jina hilo huku kwetu haliondoki kwa maji.

"Kitabu cha serikali hakichomwi kabla ya kusomwa," nikasema. Sheria hiyo niliitunga papo hapo, lakini niliisema kwa sauti ya ofisi, na sauti ya ofisi ina nguvu zake.

Nikafungua gazeti. Kilikuwa kile cha dawati la ziada. Kinahusu darasa ambalo kila asubuhi lina dawati moja zaidi ya wanafunzi. Wanalitoa, kesho lipo. Wanalivunja, kesho lipo. Hakuna anayekumbuka nani alikuwa akilikalia, na kila siku wanasahau kitu kingine: jina la mtaa, sura ya mama, wimbo wa shule.

Sikumuuliza Lavenda kwa nini alikichukua. Nilimuuliza, "Umefika wapi?"

"Nimemaliza, madam. Mara mingi."

"Kinaishaje?"

Alimtazama mwalimu mkuu, kisha akatazama sakafu. "Wanamtaja jina," alisema. "Ndiyo inaisha."

Madam Awino alikaa polepole kwenye kiti chake. Kisha akatueleza. Likizo ya Agosti, msichana wa kidato cha pili aliyeitwa Mercy Akoth alifariki kwao, kwa ugonjwa wa selimundu. Shule ilipofunguliwa, walimu walikubaliana kuwalinda wenzake. Walitoa kitanda chake, wakapeleka dawati lake stoo, wakaliruka jina lake wakati wa kuita majina. Waliamini kwamba wasichana wasipokumbushwa watasoma vizuri, maana mitihani ilikuwa karibu.

"Tulifanya kwa upendo," alisema.

"Najua, madam," nikamjibu, na nilijua kweli. "Lakini wamekuwa wakiona pengo lile kila siku na hawana ruhusa ya kuliona. Tukisome mbele yao wote, sasa, mchana huu, milango ikiwa wazi. Kikimdhuru mtu hata mmoja, mzee atatumia kiberiti chake nami sitasema neno."

Mzee Owuor alitia kiberiti mfukoni. "Mbele yangu," akasema.

Wakaletwa kwenye bwalo la chakula, kidato cha pili wote. Wengine walikuwa wameshikana mikono, wengine wakitetemeka tayari. Kitabu kilikuwa kimoja na kidogo, hakingeweza kuonekana na wote. Nikawa nimesimama pale sijui nifanye nini. Lavenda akaomba chaki.

Alichora ukurasa wa kwanza kwenye ubao, kutoka kulia kwenda kushoto. Alichora haraka, bila kufuta, na dawati lile likatokea pale mbele yetu kwa mistari michache, na hata mimi niliyekuwa nakijua kitabu nilihisi baridi mgongoni. Nilikuwa nimemgongea mihuri ya kuazima msichana yule muhula mzima na sikujua kwamba ana mkono wa namna ile.

Mimi nilitafsiri maneno kwa Kiswahili, na nikamwomba mwalimu mmoja asome sehemu ya mwalimu wa darasa kitabuni. Alisoma kama anayesoma tangazo la maji kukatika. Mzee Owuor alivumilia, akavumilia, hatimaye akainuka. "Hapana," alisema. "Mwalimu wa hapo anaogopa. Mtu haogopi namna hiyo. Lete." Akaisoma yeye. Na niwaambie, wenzangu, sauti ile ya kanisani ilimpa yule mwalimu wa kuchorwa uhai. Wasichana walisogea mbele. Ilipofika pale ambapo dawati linarudi baada ya kuchomwa moto, mtu alipiga ukelele mdogo, kisha akacheka kwa aibu, na wenzake wakacheka naye. Kilikuwa kicheko cha kwanza kusikika shuleni hapo kwa siku nyingi.

Ukaja ukurasa wa mwisho. Mwalimu wa kitabuni anaita majina ya darasa, na anafika kwenye lile ambalo hakuna anayelikumbuka. Lavenda alichora kinywa cha mwalimu kikiwa wazi, na puto la maneno likiwa tupu. Akaweka chaki chini. Mzee Owuor akafungua kinywa na yeye, akasita. Jina lilikuwepo kwenye kitabu mkononi mwake, jina la Kijapani, lakini hakulisoma. Aliwatazama watoto.

Msichana mmoja nyuma kabisa akasema, "Mercy Akoth."

Mwingine akalirudia. Kisha lilitoka kila upande wa bwalo, na kilio kikafuata. Nataka mnielewe hapa: hakikuwa yale mayowe. Kilikuwa kilio cha kawaida, cha msiba, ambacho sote tunakijua na ambacho kina mwisho. Madam Awino alikwenda katikati yao, uso umelowa, akasema, "Mercy Akoth alikuwa ananishinda hesabu, na mimi ndiye nilikuwa ninamfundisha."

"Alikuwa anacheka kama bata," mtu akasema.

"Alikuwa anakula sukari yangu."

"Na yangu," na bwalo zima likacheka na kulia kwa pamoja.

Alasiri ile Mzee Owuor mwenyewe alibeba dawati kutoka stoo, akalipangusa vumbi kwa kitambaa chake cha mfukoni, akaliweka mahali pake karibu na dirisha. Jioni hiyo hakukuwa na mayowe. Wala iliyofuata. Lavenda hakurudishwa Macalder, na wasichana waliokuwa wakimwogopa walianza kumwomba awachoree.

Nilipokuwa natoka langoni, Mzee Owuor aliniita.

"Nyar Kuria. Hiyo kitabu wacha nikae nayo kidogo. Pale nilisoma na haraka."

Wiki iliyofuata alikuja maktaba nacho, amekifunika kwa jalada la plastiki safi kuliko langu. Aliegemea kaunta, akatazama kulia na kushoto kama mtu anayenunua kitu cha magendo. "Ziko zingine?"

Nilimpa ya mzimu mvivu. Akairudisha kesho yake. "Hii ni ya watoto," akasema. "Nipe ya kuogopesha."

Ile siku ya Oktoba ilitokana na wasichana wale. Mwaka uliofuata waliomba kuja kusoma pamoja tena, bila msiba safari hii, na mmoja wao aliyeona sinema nyingi akasema kwamba mwisho wa Oktoba nchi nyingine huwa na Halloween. Nikapeleka ombi kwenye kamati. Mtu akasema hiyo ni sikukuu ya wageni na ya mapepo. Kabla sijajibu, Mzee Owuor, ambaye sasa alikuwa mwanakamati, alisimama. "Ndugu zangu," alisema, "nani hapa hakulelewa na hadithi za jajuok, mkimbiaji wa usiku anayetikisa mlango wa watu? Nyanya zetu walitutisha tukiwa tumekaa karibu nao, ndiyo tujue hofu inapita. Hiyo ndiyo kazi ya hizi vitabu. Mimi nimesoma zote. Nyinyi mmesoma ngapi?" Hakuna aliyekuwa amesoma. Ombi likapita.

Tulianza saa nane mchana na kumaliza kabla ya jua kuzama, kwa sababu wasomaji wangu ni mashujaa mpaka giza liingie. Mwaka wa kwanza walikuja wanafunzi. Mwaka wa pili walikuja wazazi wao. Kisha wakaanza kuja wauguzi kabla ya zamu, wauza omena, na mwendesha boda boda mmoja aliyesimama mlangoni akisema, "Madam, hii ya viatu kwa nyavu iko noma, sijalala." Nikamwambia juzuu ya pili ni mbaya zaidi. Akaingia.

Oktoba yangu ya mwisho kazini ilikuwa ya Lavenda. Alikuwa amemaliza shule, amekwenda kusomea uchoraji, na amerudi na kitabu chake mwenyewe, kimechapishwa Kisumu. Ni hadithi ya wachimbaji wa Macalder wanaosikia mtu akigonga jiwe chini yao, mahali ambapo hakuna aliyewahi kuchimba, na kila wakizidi kushuka, mgongaji anawajibu kwa mdundo wa nyimbo zao wenyewe. Ameiandika kwa Kiswahili. Inasomwa kutoka kushoto kwenda kulia. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Madam, hii ni ya kwetu Nyatike, si ya Japani."

Siku hiyo watu walivuka ziwa kutoka visiwa vya Remba na Takawiri. Foleni ilitoka mlangoni, ikapita uzio, ikafika barabarani, na mwenye kioski cha chai aliishiwa vikombe. Baba yake Lavenda alikuja amevaa suti, vidole bado vina udongo wa shimo, akaketi mbele kando ya Madam Awino. Mzee Owuor alisoma sauti ya mgongaji. Alipogonga meza mara ya kwanza, ukumbi mzima uliruka, na baba yule akaruka kuliko wote, kisha akageuka kuwaambia watu waliokuwa nyuma yake, "Huyu ni mtoto wangu," akawaambia tena waliokuwa kando, kana kwamba kuna ambaye hakusikia.

Walipokwisha kutawanyika, nilichukua kitambaa nikaenda kupangusa rafu za manga, kama nilivyofanya kila mwisho wa siku. Hapakuwa na kitabu cha kupanga. Juzuu zote zilikuwa zimeazimwa, hata zile yatima, hata ya mzimu mvivu, na nakala za Lavenda zilikuwa zimekwisha saa nyingi. Nilisimama mbele ya mbao tupu kutoka ukuta hadi ukuta. Wenzangu, hakuna mkutubi aliyepata kutunukiwa nishani kubwa kuliko hiyo. Nikapangusa vumbi, nikazima taa, nikaenda nyumbani naimba.